Kumshusha Gordie

Nilikaa nyumbani na watoto miaka kumi na moja. Watu wakisikia hivyo wananisifu, nami sipendi, kwa sababu sikukaa kwa wema. Mke wangu Noreen ni muuguzi hapa Thunder Bay, na mshahara wake ulikuwa unaingia jua liwake, theluji ianguke. Mimi nilikuwa fundi wa laini za umeme. Dhoruba ikipiga nilikuwa naitwa, naondoka, halafu narudi baada ya wiki nikinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Tilda alipozaliwa tuliona mmoja wetu lazima abaki, na haikuchukua muda kuona ni nani. Nikautundika mkanda wangu wa kupandia nguzo kwenye banda la kuni. Nikajifunza kubadilisha nepi.

Baada ya Tilda alikuja Otso, na baada ya Otso akaja Lempi. Septemba hii Lempi ameanza darasa la kwanza. Asubuhi ile basi la shule lilipowachukua wote watatu, nilirudi ndani nikakuta nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji inavyopumua. Niliosha vikombe vitatu. Nikavikausha, nikaviosha tena. Nilipojikuta nakunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, nikachukua simu nikampigia Réal Brisson.

Réal nilimfundisha kupanda nguzo mimi mwenyewe, wakati ndevu zake bado zilikuwa za kuhesabika. Sasa ndiye msimamizi wa kikosi.

"Réal, mna nafasi?"

"Nafasi ya nani?"

"Yangu."

"Mzee, una miaka mingapi sasa?"

"Unaijua. Ulikula keki ya arobaini kwangu."

"Na tangu hapo hujanialika tena, mchoyo wewe." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Njoo Jumatatu. Utaanza kazi za chini. Lakini Gordie yupo palepale, unajua. Usipomshusha Gordie siwezi kukubakisha, hata ungekuwa baba yangu mzazi."

Nilijua. Gordie ni mdoli. Ni ovaroli kuukuu iliyojazwa mchanga, ina uzito wa mwanamume aliyeshiba, na kichwani ana kofia ngumu. Kila mwaka tunamtundika juu ya nguzo ya mazoezi kwenye ua wa kampuni, kana kwamba amepigwa na umeme akiwa kazini. Kila fundi, mmoja mmoja, anampandia, anamfunga kamba kifuani, anamkata mkanda wake kwa kisu na kumshusha chini. Una dakika nne tangu unapopiga kelele ya kuomba msaada mpaka mgongo wake uguse ardhi. Mtu ambaye moyo wake umesimama hana muda wa kukungoja zaidi ya huo. Ukishindwa hupandi nguzo, na usipopanda nguzo huna kazi kwenye kikosi.

Jumatatu nilifika mapema nikiwa nimebeba chakula cha watu watano, maana mikono ilikuwa imezoea. Kikosi kilikuwa watu watatu: Réal, bwana mmoja mnene anayeitwa Hnatiuk, na Tessa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayepanda kama kindi. Hnatiuk mdomo wake haufungwi. Hata akiwa na nyundo mdomoni angeongea.

Kwetu kazi haianzi mpaka kikosi kizima kimesimama nyuma ya lori na kusema hatari za siku hiyo. Kila mtu anaongea, hata mgeni. Réal akasema ardhi imelowa. Tessa akasema kuna msonobari mkavu umeinamia laini. Hnatiuk akasema nyumba ya tatu ina mbwa asiyempenda mtu yeyote, na hasa yeye.

"Arvo, una la kuongeza?" Réal akaniuliza.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mmekojoa wote? Tukishaondoka hatusimami njiani."

Nikaona masikio ya Réal yanakuwa mekundu. Tessa akatazama buti zake.

"Mimi nimekojoa, mama," Tessa akasema taratibu.

"Mimi bado," Hnatiuk akasema. "Nishike mkono, mama, choo kina giza."

Basi. Kuanzia hapo sikuwa Arvo tena. Nilikuwa Mama Lempi. "Mama Lempi, nipe koleo!" "Mama Lempi, Tessa amenisukuma!" Sikukasirika sana. Nimeitwa mabaya zaidi na watu wadogo zaidi.

Mchana Hnatiuk akawa analalamika kwamba jino linamuuma na hawezi kung'ata tufaha lake. Nilikuwa nikimsikiliza Réal, wala sikuwaza chochote. Nilipotazama chini, tufaha la Hnatiuk lilikuwa mkononi mwangu, limekatwa vipande vinane, mbegu zimetolewa. Nikampa. Akaviangalia vile vipande, akaniangalia mimi.

"Hujatoa maganda."

"Maganda yana faida. Kula."

Akala vyote.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kwa Gordie. Nilikuwa nimelala vibaya. Sikuwa naogopa urefu, huo haujawahi kunisumbua. Niliogopa kurudi nyumbani na kumwambia Noreen kwamba yale niliyoyajua yameniondoka, na kilichobaki ni kujua kutoa doa la beri kwenye shati jeupe. Alikuwa amechukua zamu za ziada miaka yote ile bila kunung'unika. Mara nyingi alilala na viatu miguuni. Nilitaka apunguze. Nilitaka pia, na hili nalisema wazi, kuwa mtu ambaye akiulizwa "unafanya kazi gani" anajibu kwa neno moja.

Nikavaa glavu za mpira, nikafunga vyuma vya kupandia miguuni. Mkanda walionipa ni wa kisasa, ukiteleza unabana nguzo wenyewe. Enzi zetu ukiteleza ulikumbatia nguzo na kuomba Mungu. Réal akashika saa.

"Kuna mtu juu!" nikapiga kelele kama inavyotakiwa, nikaomba msaada kwenye redio, nikapanda.

Mapaja yalitetemeka lakini yalikumbuka. Chuma kinazama kwenye mti, unainuka, unasogeza mkanda, chuma kingine kinazama. Nilimfikia Gordie muda ukiwa bado mwingi. Nikarusha kamba juu ya boriti inayokatiza kileleni mwa nguzo, nikaipitisha chini ya makwapa yake, fundo likakaa sawasawa kana kwamba nililifunga jana. Nikavuta kamba ikakaza. Nikatoa kisu, nikakata mkanda wake. Uzito wote ukaja mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kichwa chake kiliniangukia begani. Kama umewahi kumtoa mtoto aliyelala kwenye gari usiku wa baridi na kumpeleka kitandani, unajua kinachotokea. Shingo ile inalegea, shavu linakaa kwenye kola yako, na mwili wako wote unapunguza mwendo bila kukuuliza. Pumzi inapungua. Kiganja kinaenda chenyewe chini ya kisogo. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kupanda nguzo. Kwa hiyo mkono mmoja ukaiachia kamba kidogo kidogo, mkono mwingine ukamshika Gordie kichwa mpaka aliponipita, na akashuka kama jani. Nadhani nilisema "shshsh". Tessa anaapa nilisema.

Alifika chini akakaa, halafu akalala, bila hata vumbi kuruka. Nilimtazama kutoka juu nikafurahi. Kazi safi. Kisha nikamtazama Réal.

"Karibu dakika sita," akasema. "Arvo, umemlaza."

Hnatiuk alikuwa amejishika tumbo, ameegemea tairi la lori. "Mfunike blanketi basi! Msomee hadithi!"

"Nyamaza wewe," Tessa akamwambia, "utamwamsha."

Nikashuka. Réal akanipeleka pembeni, nyuma ya magogo ya nguzo mpya. Yeye hakuwa anacheka.

"Umepanda vizuri kuliko Hnatiuk. Fundo lako zuri kuliko langu. Lakini yule mtu amekufa, mzee. Umemshusha kwa adabu zote na amefika maiti."

"Najua."

"Mbavu zikivunjika zinapona. Nani aliniambia hivyo?"

"Mimi?"

"Uliniambia kwa kunipigia kelele, mtaa mzima ukasikia. Nilikuwa juu ya nguzo hii hii nambembeleza mdoli, ukaniita mjinga." Akavua kofia, akajikuna. "Ijumaa unarudia. Mara ya tatu haipo. Siyo mimi, ni ofisi. Nisingependa kumtafuta mtu mwingine."

Nyumbani nilikuta Tilda amepika viazi vikaungua upande mmoja tu, akavigeuza ule upande ukawa chini. Noreen alikuwa ametoka zamu ya mchana. Tulipokaa mezani nikawaambia yote, kwa sababu mimi sijui kusema nusu.

"Kwa hiyo umefeli?" Otso akauliza. Ana miaka tisa na anapenda mambo yaeleweke.

Tilda akampiga teke chini ya meza.

"Nimefeli," nikasema. "Nina Ijumaa."

Noreen akaondoa kipande cha kiazi kilichoungua, akaweka kwenye sahani yangu. "Mimi kazini nabana watu vifua mpaka nasikia mbavu zinalia. Wachache wamewahi kurudi kunilalamikia. Hao ndio ninaowapenda kuliko wote."

"Mimi sikuwaza mbavu. Kichwa kiliniangukia begani, basi."

"Najua, mpenzi," akasema. "Nimekuona ukiwabeba. Lakini huyu hujamzaa wewe. Mwangushe."

Baada ya chakula tukaenda bandani. Nilifunga kamba kwenye boriti, Otso akaleta mkoba wake wa hoki tukaujaza kuni na taulo zilizolowa. Tilda akashika simu kupima muda. Chini tuliweka godoro kuukuu. Nikauvuta mkoba juu, nikajiambia ni viazi, ni gunia la viazi, nikauachia. Ukashuka taratibu kama bibi anayeteremka ngazi.

"Baba," Tilda akasema, "huo ni mkoba."

"Najua ni mkoba!"

"Mbona basi unaubembeleza?"

Nikarudia. Nikarudia tena. Kichwani nilikuwa nimeshaelewa, lakini mkono haukutaka kusikia. Mkoba ukifika karibu na chini, mkono unakaza kamba wenyewe.

Lempi alikuwa amekaa juu ya rundo la kuni, anakula biskuti. Ana miaka sita, ana pengo mbele, na hana subira na mtu yeyote. Akaruka chini.

"Mimi niwe Gordie."

"Hapana."

"Mkoba hauwezi kufa vizuri. Mimi naweza." Akalegeza shingo, akatoa ulimi nje, akaonyesha. Kweli alikuwa anakufa vizuri.

Nikafikiri. Kisha nikamvalisha mkanda wangu wa zamani, nikaukaza na kumfungia matanzi ya kamba mapajani, nikaukagua na kuukagua tena, nikamvuta mpaka miguu yake ikafika usawa wa kiuno changu. Chini yake kulikuwa na godoro na Otso. Nikamfukuza Otso. Lempi akaning'inia, macho yamefungwa, ulimi nje. Nikaanza kumshusha.

Jicho moja likafunguka. "Baba, nachoka."

"Nyamaza, umekufa."

"Nimekufa na nachoka. Achia!"

"Utaumia."

"Siumii! Baba, achia! Achia kwa kasi!"

Nikaachia. Kamba ikanichoma kiganja, Lempi akapiga godoro puu, kofia yake ya sufi ikaruka mpaka kwenye mlango. Nikaitupa kamba nikamkimbilia. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha farasi, akainuka na vumbi kwenye nywele.

"Tena!"

Tukafanya tena. Otso akapanga foleni akiwa peke yake. Tilda, ambaye siku hizi ni mkubwa mno kwa kila kitu, akasema hataki, halafu akataka. Kila mara mkono wangu ulikuwa unataka kukaza, na kila mara Lempi alikuwa anapiga kelele "Achia!" hata ambapo si yeye aliyekuwa kwenye kamba. Mwisho mkono ukachoka kubishana naye.

Noreen akatoka na kikombe cha kahawa, akasimama mlangoni.

"Arvo, mbona mtoto wangu ananing'inia kama nyama buchani?"

"Mama, mimi ni maiti!" Lempi akasema kwa furaha.

"Vizuri. Maiti aoge kabla ya kulala."

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, Lempi alinyanyua shati akanionyesha alama kwenye nyonga ya kushoto, ndogo, ya bluu. Aliijivunia kama nishani.

"Nitawaonyesha darasani."

"Usimwambie mwalimu nilikuangusha."

"Nitamwambia nilikuwa maiti."

Sikujua kama hilo lilikuwa bora, lakini basi lilikuwa limeshafika. Nikamshika mkono kumpeleka mpaka kwenye ngazi ya basi kama kawaida. Tulipofika kwenye sanduku la barua akauchomoa, bila hasira, kama mtu anayevua glavu, akakimbia mwenyewe. Nilibaki pale na sanduku la barua. Hakugeuka nyuma. Nikaingia kwenye gari nikaenda kazini.

Ijumaa mvua ilinyesha, nyepesi, ile inayoingia kwenye kola. Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mkutano wa walimu, Noreen alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na Tilda alikuwa na amri ya kunipigia badala ya kumwamsha mama yake. Nikampa Tessa simu yangu aishike.

Gordie alikuwa kule juu ananing'inia, maji yanamchuruzika. Réal akainua saa. Hnatiuk safari hii hakusema kitu, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake.

"Kuna mtu juu!"

Nikapanda. Nguzo ilikuwa imelowa na vyuma vilizama vizuri. Nilifika, nikarusha kamba, ikarudi, nikairusha tena ikapita juu ya boriti. Nilikuwa nafunga fundo niliposikia simu yangu inalia chini.

"Mama Lempi!" Tessa akaita. "Otso anauliza soksi zake za hoki ziko wapi!"

"Kwenye mashine ya kukaushia!"

"Anasema hazipo!"

"Aangalie ndani ya foronya!"

Tessa akasikiliza simu. "Zipo!"

Fundo lilikuwa tayari. Nikakaza kamba, nikatoa kisu, nikakata. Uzito ukaja mkononi, na kichwa chake, kama nilivyojua kitafanya, kikaniangukia begani. Kofia ikanigonga shavu. Kiganja changu kikaanza kwenda.

"Samahani, Gordie," nikasema, nikaachia.

Alishuka kama gunia. Karibu na ardhi nilibana kamba kidogo tu, kama tulivyofundishwa, halafu akapiga matope mpaka yakamrukia Réal kwenye suruali. Kofia yake ilimtoka ikabingirika ikasimama kwenye buti za Hnatiuk. Ilikuwa sauti mbaya sana. Nilifunga macho.

"Dakika tatu na kitu," Réal akasema.

"Kitu gani?" nikauliza kutoka juu.

"Kitu kisichokuhusu. Umepita. Shuka, unalowa."

Nilishuka taratibu maana mapaja yalikuwa yamekwisha. Réal alinipiga bega, na hakuutoa mkono upesi. Nikampita nikaenda kwa Gordie. Alikuwa amelala shingo imepinda, uso wote matope. Muda ulikuwa umeshasimama, hakuna sheria iliyonikataza. Nikapiga goti, nikamnyoosha shingo. Nikalamba kidole gumba, nikamfuta matope pale ambapo pangekuwa na pua.

Nilipoinua macho Hnatiuk alikuwa amesimama juu yangu na ile kofia.

"Usithubutu kunifanyia hivyo mimi," akasema.

"Wewe nitakuangusha kichwa kwanza."

"Ndivyo ninavyotaka." Akamvalisha Gordie kofia yake, akaigonga juu ikakaa. "Réal! Jumatatu napanda na nani?"

"Na Arvo," Réal akajibu akiwa anafuta suruali.

"Sawa. Basi tukojoe kabla ya kuondoka."

Tessa akanirudishia simu. Kulikuwa na ujumbe wa Tilda: wamepata soksi, Lempi anauliza kama umefaulu, mama bado amelala. Nikaandika nimefaulu. Jibu likaja kabla sijafunga zipu ya koti, na lilikuwa la Lempi, maana lilikuwa herufi kubwa tupu: ULIACHIA?

Nikaandika: niliachia.

Tukaingia kwenye lori kukimbia mvua. Hnatiuk akapekua mfuko wake wa chakula, akatoa tufaha, akaniwekea mapajani, akageuka kutazama dirishani kana kwamba si lake. Nikatoa kisu. Nilikata vipande vinane. Maganda niliyaacha.